Nguvu ya Lori Imo Kwenye Tone

Kwenye mashine ya kupimia pampu za dizeli kuna mirija ya kioo iliyopangwa safu, mmoja kwa kila silinda. Fundi huifunga pampu juu ya mashine, akaizungusha kwa mwendo anaoutaka, akahesabu mapigo 1,000, kisha akasoma kila mrija umepokea mafuta kiasi gani. Pampu ya Fuso yenye injini ya 6D16, ile ya lita 7.5 isiyo na tabo, ikifunguliwa resi mpaka mwisho huweka kama mililita 60 kwenye kila mrija. Gawanya kwa elfu moja: nozeli ikipuliza mara moja inatoa kiasi cha tone moja la maji. Tone hilo ndilo linalopandisha tani za saruji mlimani, na ndilo mwenye gari anataka liongezwe anapoingia gereji na kusema, "Fundi, nifungulie mafuta kidogo, gari halivuti."

Nimefanya kazi ya pampu na nozeli miaka mingi, na ombi hilo silikatai. Nguvu inaongezeka, tena kwa lori la zamani inaongezeka kwa spana na bisibisi tu. Kinachonisukuma kuandika ni injini nilizozifungua baadaye: pistoni yenye tundu la kupita kidole gumba, hedi iliyopasuka katikati ya valvu mbili, tabo iliyogeuka rangi ya bluu kwa moto. Karibu zote zilipita kwanza kwa mtu aliyeongeza mafuta bila kuuliza hewa itatoka wapi na joto litakwenda wapi. Maswali hayo mawili nitayarudia sana hapa, kwa sababu ndiyo yanayoamua ununue nini na uache nini.

Tuanze na hesabu. Injini nzuri ya lori hutumia takriban gramu 155 hadi 160 za dizeli kutoa nguvu ya farasi mmoja kwa saa moja. Ukitaka farasi 50 zaidi, na uwatumie saa nzima, umeongeza karibu kilo 8 za mafuta, yaani lita 9 hadi 10 kwa saa. Hakuna nozeli, hakuna kiboksi cha umeme, wala dawa ya kumimina kwenye tangi itakayokupa hao farasi 50 bila hizo lita. Anayekuahidi nguvu nyingi na ulaji mdogo kwa pamoja, mwombe akuonyeshe lita hizo atazitoa wapi. Hali moja tu inaruhusu vyote viwili: injini iliyokuwa inaunguza vibaya tangu mwanzo. Hapo lakini hukuongeza kitu, umetengeneza gari lililokuwa bovu.

Upande wa hewa ndio wengi hawaupigii hesabu. Kwenye karatasi, kilo moja ya dizeli inahitaji kilo 14.5 hivi za hewa ili iungue yote. Ndani ya silinda mafuta na hewa havipati muda wa kuchanganyika sawasawa, hivyo injini inadai kilo 18 hadi 20 ndipo isitoe moshi mweusi. Lita moja ya dizeli ina uzito wa kama kilo 0.83, na kwa joto la Dar es Salaam mita moja ya ujazo ya hewa haifiki kilo 1.2. Ukipiga hesabu hiyo mpaka mwisho utaona lita moja ya mafuta inataka karibu mita za ujazo 14 za hewa. Hicho ni chumba cha mita mbili na nusu kwa mbili na nusu, sakafu mpaka dari. Lori linalounguza lita 35 kwa saa linavuta vyumba 35 vya namna hiyo kupitia filta moja, na wewe unataka kuongeza vingine kumi.

Madereva wengi wanaamini moshi mweusi ni dalili ya gari kupewa mafuta ya kutosha. Ni dalili ya mafuta yaliyolipiwa yakakosa hewa. Kuna jambo jingine ambalo waliozoea injini za petroli hawalitegemei: petroli ikizidi, moto wa injini hupoa kidogo, lakini dizeli ikizidi, moto hupanda. Kila tone unaloongeza linapandisha joto la moshi unaotoka kwenye silinda, na tone lililokosa hewa linaendelea kuungua pistoni ikiwa inashuka na valvu ya moshi ikiwa inafunguka. Kwa hiyo ukiona wingu jeusi nyuma ya lori linalopanda mlima kwa dakika ishirini, ujue kuna chuma ndani kinapikwa.

Barabara zetu zinaongeza jambo la tatu, nalo ni urefu kutoka usawa wa bahari. Lori linatengenezwa Dar es Salaam, kando ya bahari, ambako hewa ni nzito. Kisha linakwenda Mbeya, kama mita 1,700 juu, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita. Pampu ya kizamani haijui kwamba imefika Mbeya. Inatoa tone lilelile. Gari lisilo na tabo ambalo lilifunguliwa mafuta hadi mpaka wa moshi pale Dar litafuka Iringa nzima, na kuanzia Makambako dereva atalalamika kwamba limelegea. Tabo inasaidia sana hapa, kwa kuwa inazunguka kwa kasi zaidi hewa ikiwa nyepesi na kuziba sehemu kubwa ya pengo, ingawa nayo ina kikomo chake. Kwa mwenye gari lisilo na tabo linalofanya kazi nyanda za juu ushauri wangu ni mfupi: usiongeze tone hata moja. Ukitaka nguvu, anza na hewa.

Kabla ya kuongeza chochote, rudisha kwanza nguvu iliyopotea. Tajiri mmoja aliniletea Fuso lake la tabo pamoja na kiboksi cha nozeli mpya, zenye matundu makubwa kuliko zile za kwake. Alikuwa anabeba saruji kupeleka Mbeya, na dereva wake alikuwa ameshamwambia, "Mzee, pale mlima Kitonga wenzetu wanapita na gia ya tatu, sisi tunapanda na ya kwanza." Nilimwomba nisiziguse zile nozeli kwanza. Nilianza na bomba la mpira linalotoka kwenye tabo kwenda kwenye intakula, yaani kipoza hewa. Chini ya klipu palikuwa na doa la oili lenye vumbi, ukubwa wa kiganja. Nilipolikunja bomba kwa mkono, mpasuko ukafunguka kama mdomo. Injini ikiwa inanguruma bila mzigo, mpasuko ule ulikuwa umejifunga na huwezi kuuona. Ukikanyaga resi na tani kumi nyuma, presha yote ya tabo ilikuwa inatokea hapo. Kisha nilifuata bomba la kuvuta mafuta kutoka tangini. Lilikuwa limelainika kwa uzee, na kila injini ilipodai mafuta mengi lilijibana lenyewe. Tulibadilisha mabomba mawili, filta mbili za mafuta na ya hewa. Lori likapanda Kitonga na gia ya tatu, na nozeli zake alizirudisha dukani.

Katika magari kumi yanayoletwa kwangu kwa kukosa nguvu, machache sana yana upungufu wa mafuta kwa maana ya pampu kuwa ndogo. Mengi yana filta iliyoziba, tangi lisilopumua, hewa inayoingia kwenye bomba la kuvuta, breki inayoshika, klachi inayoteleza, au kiwambo cha mpira kilichochanika. Hicho kiwambo nikieleze vizuri kwa kuwa kinawapotezea watu fedha. Kwenye pampu nyingi za magari yenye tabo kuna kofia ndogo juu au nyuma, na ndani yake kiwambo cha mpira kinachosukumwa na presha ya tabo. Kazi yake ni kuzuia mafuta mengi yasitoke mpaka hewa iwe imefika. Kikichanika, pampu inadhani tabo haijaanza kazi, nayo inatoa mafuta kidogo siku zote. Gari linakuwa zito, halitoi moshi wowote, na fundi asiyejua anakaza skrubu ya mafuta kulifidia. Baada ya mwaka mwenye gari ananunua pampu nzima kwa sababu ya kipande cha mpira. Vivyo hivyo, wapo wanaokiondoa kwa makusudi ili gari "liamke" haraka. Gari litaamka, likifuka kila linapobadilisha gia.

Sasa tuseme gari ni zima. Mgandamizo wa silinda umepimwa na uko sawa, ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma hakitoki kishindo cha moshi, rejeta ni safi, tabo haina mchezo. Na bado unataka zaidi. Unachochagua kinategemea aina ya mfumo wa mafuta ulio nao, na hapa ndipo ushauri wa kuokota njiani unapowaumiza watu, kwa sababu kinachofaa kwenye Fuso ya mwaka 1995 ni sumu kwa Hilux ya komoni reli.

Pampu ya mstari, ile ndefu yenye elementi (pistoni ndogo ya kusukuma mafuta) moja kwa kila silinda, ndiyo rafiki wa anayetaka nguvu. Bosch walianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927 na umbo lake halijabadilika sana. Inaonekana kwenye Fuso na Isuzu za zamani, Scania 113 na Howo nyingi za mwanzo. Hatua ya kwanza na ya bei ndogo ni kuongeza kiwango cha juu cha mafuta kwenye pampu yenyewe, elementi zikiwa zilezile. Kwa lori la kazi lenye tabo na intakula, mimi huongeza asilimia 10, nikizidi sana 15, basi. Hii ifanyike juu ya mashine. Sababu ni ile mirija: ukiongeza ukiwa umeinama chini ya boneti, huoni kwamba silinda ya kwanza inapata mililita 66 na ya tano inapata 74. Injini haitakufa kwa wastani wa silinda zote, itakufa kwa ile moja iliyopata mafuta mengi kuliko zote. Nikimaliza nataka mirija yote isimame karibu mstari mmoja, na naifunga tena skrubu kwa waya na risasi ili asije mtu akaigusa njiani.

Tena tafadhali tofautisheni skrubu ya mafuta na skrubu ya gavana. Ya kwanza inaamua tone liwe kubwa kiasi gani. Ya pili inaamua injini izunguke mpaka wapi. Nimeona pampu nyingi ambazo fundi wa kijiweni alikaza ya pili akidhani ameongeza nguvu. Gari lilikimbia zaidi kwenye tambarare, mlimani likabaki vilevile, na valvu zikaanza kugonga pistoni siku dereva aliposhuka na gia ndogo. Nguvu ya kupandia haitoki kwenye kuzungusha injini kupita alama yake.

Hatua ya pili ni nozeli, na ya tatu ni elementi kubwa zaidi. Kwa hizi mbili nina kanuni ninayoifuata bila kuivunja: tafuta pacha wa injini yako aliyetoka kiwandani na nguvu kubwa zaidi, kisha uige kila alicho nacho. Chukua injini ya WD615 ya lita 9.7 iliyomo kwenye Howo. Imeuzwa kwa nguvu za farasi 266, 290, 336 na 371. Mwenye 290 akitaka kufika 336, njia imeshatembewa na wahandisi wenye maabara. Swali ni vifaa gani vinatofautiana kati ya injini hizo mbili, na jibu liko kwenye kitabu cha vipuri: namba ya pampu, namba ya nozeli, namba ya tabo, ukubwa wa intakula, pistoni. Ukikuta kwamba ya juu ina tabo tofauti na wewe umenunua nozeli peke yake, umenunua nusu ya dawa. Na namba ya juu kabisa aliyoiuza mtengenezaji ichukulie kuwa dari. Juu ya hapo hakuna aliyekuahidi kwamba konrodi na gasketi vitastahimili.

Nozeli zenyewe zinataka macho. Nunua seti nzima, zote za namba moja, zipimwe moja moja kwenye mashine ya mkono uone zinafunguka kwa presha ile ile na zinapuliza ukungu, si mchirizi. Nozeli mbovu ikidondosha matone juu ya pistoni ni sawa na kushika tochi ya kuchomelea mahali pamoja. Chini ya kila nozeli kuna washa nyembamba ya shaba. Ya zamani itoe, mara nyingi hubaki imeganda ndani ya tundu, ndipo uweke mpya. Nimekuta injini zenye washa mbili zimelaliana: nozeli imepanda kwa unene wa washa moja, mafuta yanapiga ukingo wa pistoni badala ya kuingia kwenye bakuli lake, na mwenye gari anashangaa kwa nini nozeli mpya zimeleta moshi.

Pampu ya mzunguko, ile fupi ya Hilux na Land Cruiser za zamani, nayo ina skrubu yake ya mafuta nyuma, na urahisi wake ndio hatari yake. Nizungumzie injini ya 1HZ, kwa sababu imejaa migodini, hospitalini na mbugani kote Afrika Mashariki. Lita 4.2, silinda sita, haina tabo, mgandamizo wake ni 22.4 kwa 1, na mafuta hayapulizwi juu ya pistoni moja kwa moja, yanapita kwanza kwenye chumba kidogo ndani ya hedi. Muundo huo unafanya hedi ibebe joto kubwa. Ukiizidishia mafuta bila hewa unapata moshi. Ukiifunga tabo unapata nguvu ya kweli, ila presha iwe ndogo, nusu ya baa hivi, na kipima joto kiwe mbele ya dereva. Kwa wanaoniambia rafiki yao anakwenda na baa moja na nusu, nawaonyesha walichofanya Toyota wenyewe. Walipotaka tabo kwenye injini ya ukubwa huo walileta 1HD-T, yenye hedi nyingine, pistoni nyingine na mgandamizo mdogo zaidi. Wangeweza kufunga tabo kwenye 1HZ na kuokoa gharama yote hiyo. Hawakufanya.

Malori ya nozeli zinazosukumwa na kamshafti, kama Volvo FH nyingi na Freightliner zenye Detroit Series 60, yanaongozwa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Humo hakuna skrubu ya kukaza. Nguvu inapangwa kwa programu, na injini ya aina moja imeuzwa kwa viwango kadhaa. Hapa dai kwa fundi wa kompyuta ni moja: aanze kwa kuhifadhi faili la awali la gari lako na akupe nakala yake. Asiyeweza kukurudishia gari kama alivyolipokea asiliguse.

Komoni reli nitaikalia zaidi kidogo, kwa kuwa magari mapya mengi ni hiyo na makosa yake ni ghali. Humo mafuta yanakaa kwenye bomba moja nene kwa presha ya baa 1,600, na mifumo mipya inapita 2,000. Sokoni kuna viboksi vinavyochomekwa kwenye waya wa kipima presha. Kinachofanya kiboksi ni kuidanganya kontroli boksi kwamba presha ni ndogo kuliko ilivyo, ili ipandishe zaidi. Dereva anaisikia nguvu siku hiyohiyo, kweli. Lakini pampu na nozeli zinafanya kazi juu ya kiwango chake kila saa, na kontroli boksi, ambayo ndiyo mlinzi wa injini, haina habari. Programu iliyoandikwa vizuri ni bora, kwa sababu inaweza kuongeza muda wa kupuliza mahali palipo na hewa na kuacha pengine. Kabla ya yote hayo pima marejesho ya nozeli, yaani mafuta kiasi gani yanarudi tangini kutoka kwenye kila moja. Nozeli iliyochoka inarudisha mengi, na kuiongezea kazi ni kuimalizia. Ukibadilisha nozeli, ile mpya mara nyingi huja na namba yake maalumu iliyochapwa kichwani, na namba hiyo lazima iingizwe kwenye kontroli boksi. Fundi akisema haina haja, tafuta mwingine.

Mafuta yenyewe nayo ni sehemu ya mfumo. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya mzunguko na nyingi za komoni reli. Hakuna oili humo. Mafuta ya taa ni membamba na hayalainishi, ndiyo maana uchakachuaji uliua pampu nyingi kabla ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Aliyeongeza presha na bado ananunua madumu ya kando ya barabara kwa sababu ni nafuu anajichimbia mwenyewe. Badilisha filta mapema kuliko kitabu kinavyosema, mwaga maji kwenye kikombe cha chini kila wiki, na kama umeongeza mafuta hakikisha pampu ya kuvuta kutoka tangini inaweza kuyafikisha. Geji ndogo ya presha baada ya filta inakuonyesha hilo kwa dakika moja, gari likiwa mlimani na mzigo.

Vijana wananionyesha video za Marekani, pikapu za Dodge Ram zenye Cummins ya lita 5.9. Zile za mwaka 1994 hadi 1998 zina pampu ya mstari ya Bosch P7100, na kutoka kiwandani zilikuwa na farasi 160 hadi 215. Injini hiyohiyo kwenye boti imeuzwa na farasi 370, ikipozwa na maji ya bahari yasiyokwisha. Wamarekani wanaizidisha mara nyingi zaidi, na ninaheshimu ufundi wao. Ila angalieni gari linafanya nini: linavuta kwa sekunde chache uwanjani, kisha linapoa. Lori lenu linatoka bonde la Ruaha Mbuyuni kwenye joto kali na kupanda Kitonga likiwa limekanyagwa muda wote.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ninachokushauri ununue hakiongezi hata farasi mmoja. Ni kipima joto cha moshi, kinachofungwa kwenye manifoldi kabla ya tabo, na mshale wake mbele ya dereva. Bei yake ni ndogo kuliko seti ya nozeli. Kwa lori la mzigo sitaki kuona zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi kwa muda mrefu. Mshale ukifika hapo dereva apunguze resi na ashushe gia, injini izunguke zaidi na kuvuta hewa zaidi. Mfundishe hivyo, na mwambie sababu. Rejeta itamwonyesha kwamba maji yanachemka dakika kadhaa baada ya pistoni kuanza kuumia. Mshale huu unamwonyesha wakati bado anaweza kuokoa.

Kumbuka pia klachi na giaboksi vitabeba nguvu mpya, na breki hazikuongezwa chochote. Lori lenye nguvu zaidi linafika kileleni mapema, halafu linashuka na tani zilezile. Kikomo ni kilomita 80 kwa saa na uzito wa juu kabisa kwenye mizani ni tani 56, hata ungekuwa na farasi 600. Kama faida unayoitafuta ni kubeba zaidi ya gari lilichoandikiwa, pampu si mahali pake.

Mkishafikia uamuzi, nawaomba jambo moja, ndugu zangu wenye magari. Pampu ikitoka kwenye mashine, dai karatasi. Iwe na usomaji wa kila mrija kabla na baada, presha ya kila nozeli, namba za vipuri vilivyoingia, na tarehe. Piga picha ya karatasi hiyo na uiweke kwenye simu yako na ya dereva. Siku gari likizima Makambako saa nane usiku, fundi atakayeitwa atajua kilichomo ndani ya pampu, na hatalazimika kuanza kukaza skrubu kwa kubahatisha.